Koti la Zabron

Koti lile nililishona mimi, kwa hiyo nina haki ya kulisemea. Lilikuwa la kijivu, vifungo vitatu, na bitana ya zambarau ambayo bwana harusi aliichagua mwenyewe, nami nikanyamaza kwa sababu mteja ni mfalme. Mabega yalikaa. Kola ililala. Tangu nitoke Mbeya na kuweka cherehani yangu hapa Mafinga sijashona lingine la kulifikia, na hata mke wangu, ambaye hasifu kitu, alilisifu. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo si yangu. Asubuhi ya harusi kifungo cha kati kilikatika, na mama mkwe, badala ya kumtuma mtu kwangu, alichomoa kifungo cheusi kwenye sweta lake akakipachika kwa uzi mweupe. Picha zote zikapigwa na kifungo kile. Mpaka leo kinanikera.

Bwana harusi alikuwa Zabron, anayepakia mbao kwenye malori. Alimwoa Frida. Dada yake Frida ni Eveline, na haya ninayosimulia ni ya Eveline.

Eveline ana steshenari kwenye baraza hili hili ninaloshonea mimi. Mlango wake na cherehani yangu vimetenganishwa na nguzo moja, na akikohoa namwambia pole bila kunyanyua kichwa. Anatoa kopi, anachapa barua, lakini kinachomweka mjini ni albamu. Mtu analeta picha za kipaimara au za ndoa zimerundikana kwenye simu, na Eveline anazipanga kwenye kompyuta ukurasa kwa ukurasa: picha inalala juu ya karatasi yenye rangi, pembeni ua, juu riboni, chini maneno ya kubariki. Akimaliza anaituma Mbeya ikachapwe, na albamu inarudi nzito, inang'aa, na mwenye sherehe anajiona alioa vizuri kuliko alivyooa.

Mapambo hayo yote ameyakusanya mwenyewe. Maua, fremu, njiwa, mataji, mishumaa, misalaba, alivitafuta huku na huko na kuvikata kwa subira ambayo mimi kwa kitambaa sina. Ila kuyapanga, hapana. Alikuwa akiyaangusha ovyo kwenye uso wa kompyuta kama mtu anayerudi shamba na kutupa jembe mlangoni. Nilimwambia mara nyingi, "Eveline, hata mimi mwenye vipande vya nguo sakafuni nakushinda." Akacheka.

Pamoja na albamu kulikuwa na misiba. Kwetu huku marehemu hutanguliwa na picha yake, inabebwa mbele ya jeneza pamoja na msalaba, na baada ya arobaini inaning'inizwa sebuleni. Sasa wazee wetu wengi hawajawahi kupiga picha ya maana. Wafiwa wanamletea Eveline kitambulisho kilichokwaruzika, au picha ya mzee yuko kilabuni na fulana ya kampeni, na wote wanasema neno moja: "Mvalishe." Wanataka mzee aondoke na koti.

Makoti yaliyopo mtandaoni yamekatwa kwa miili ya Wazungu. Ukiweka shingo ya mzee wa Mufindi juu yake unapata viumbe viwili vinavyogombana. Siku moja wafiwa walikuwa wamesimama dukani, gari lenye jeneza linaunguruma nje, na Eveline akakumbuka picha ya shemeji yake amesimama peke yake siku ya harusi. Aliifungua, akakata kichwa cha Zabron, akaweka cha marehemu. Likamkaa kabisa. Kwa haraka ile akahifadhi picha juu ya ile ile ya mwanzo, hivyo kichwa cha Zabron kikapotea na koti likabaki. Hakumuuliza Zabron. Alisema atamwambia Jumapili.

Jumapili ikapita, na nyingine, na wafiwa wengine wakaja. Mimi nilikuwa nawaona marehemu wakitoka mlangoni kwenye fremu, kila mmoja na koti langu, na sitadanganya, nilikuwa navimba kichwa. Nilimwambia tu akifute kile kifungo cheusi.

"Fundi, hicho cha mama," akanijibu. Mama yao alikuwa ameshatangulia. Nikaacha.

Halafu Zabron akaanza kukonda. Alikuwa na ngiri, na kwa ubishi wa wapakia mbao aliificha mpaka siku aliyoanguka chini ya lori. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kilikuwa kimeshapiga hodi. Daktari akasema apasuliwe. Siku Zabron alipopita barazani kwetu ameshika tumbo, anatembea kwa kupima, Eveline alirudi ndani akajificha nyuma ya printa. Nilimkuta amekaa chini.

"Fundi, shemeji nimemzika mara ngapi?"

"Ngiri haitoki kwenye kompyuta," nikamwambia. "Inatoka kwenye mbao."

Hakunisikia. Ni mwanakwaya, anajua vizuri kwamba mambo hayo hayapo, na bado alikuwa akijiona mchawi. Aliniambia kwamba usiku akifumba macho analiona lile koti limesimama bila kichwa, linasubiri. Aliona aibu hata kula kwa dada yake. Frida alimuuliza kama kuna ugomvi, akasema ni kazi nyingi.

Basi akaamua kusafisha kompyuta. Wateja aliwaambia mashine mbovu, akakaa siku nzima anapanga. Alifungua folda za maua, za riboni, za fremu, za misalaba. Aligundua kwamba maua ya harusi na ya msiba alikuwa ameyachanganya, na kwamba mtoto mmoja wa kipaimara alipewa albamu iliyozungushiwa shada la kaburini. Alishika kichwa. Mzazi wa mtoto yule alikuwa ameisifu sana.

Koti lilikuwa kila mahali. Lilikuwa "koti", lilikuwa "koti nzuri", lilikuwa "koti hii hii", lilikuwa "koti ya mwisho" na "koti ya mwisho kabisa". Kila alipolifungua, palikuwa na sura juu yake. Mzee Eliezeri wa sokoni. Yule mwalimu mstaafu. Isaka, aliyekuwa kijana tu. Eveline alimwambia kila mmoja samahani kwa sauti ya chini, mimi nikisikia toka kwenye nguzo, kisha akamfuta. Hakubakiza hata moja. Mwisho vyote vikawa kwenye kapu la taka la kompyuta, bado kubonyeza mara moja visirudi tena. Akaniita.

"Fundi, bonyeza wewe."

"Mimi nililishona," nikamwambia. "Siwezi kulifuta."

Akabonyeza mwenyewe. Kioo kikabaki cheupe, kila kitu kwenye folda yake, na Eveline akashusha pumzi. Aliagiza hata chai, tukanywa.

Vikombe havijaoshwa, Zabron akaja.

"Kamwene, shemeji."

"Kamwene. Karibu ukae."

"Nakaa kidogo tu. Kesho naenda Tosamaganga, wananipasua keshokutwa. Nina shida ndogo." Alikaa kwenye benchi langu taratibu. "Ile picha ya harusi, ile nimesimama peke yangu. Albamu yetu imeshikana na unyevu, ukibandua, sura inabaki upande mwingine. Na watoto hawaamini kama baba yao alishawahi kuvaa koti. Wananicheka. Nitolee moja, niwaachie."

Neno "niwaachie" lilimpiga Eveline mahali pabaya. Koti lenyewe halikuwepo tena duniani: baba yake Zabron alipofariki, Zabron alilitoa kabatini akamvalisha, likaenda chini na mzee. Ile picha ndiyo ilikuwa koti lote lililobaki.

"Shemeji," akasema, "ile picha niliikata kichwa."

"Kichwa cha nani?"

"Chako."

Akamweleza yote, mpaka kufuta. Hakujitetea, na hilo nampa. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Mimi nilikuwa nimeshika pindo la sketi ya mtu, silishoni, najifanya nashona.

Zabron alijisogeza kwenye benchi, tumbo amelishika.

"Nilikuwa najua," akasema. "Msiba wa Mzee Liberatus kule Nyololo mimi nilikuwepo. Tumepakia mbao pamoja miaka, nikabeba jeneza yake. Picha ilikuwa mbele yangu, nikaona kifungo ya mama. Nikasema, huyu mzee hajavaa koti hata siku moja, acha avae."

"Ukanyamaza, shemeji?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie. Kila Jumapili tunakula meza moja, nasema leo ataniambia." Aliinuka kwa kushika nguzo. "Ungeniomba ningekupa. Sasa mimi ndiyo nimekuja kuomba, na haipo."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. Aliaga vizuri, akaenda zake polepole, na Eveline akabaki amesimama katikati ya duka lake lililopangwa.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alikuja mbio. Eveline alipiga simu Mbeya kwa wale wanaochapa albamu. Wakamwambia kazi za zamani huwa wanafuta. Akakaa anatazama ukuta. Kisha akasema kwamba koti lipo. Lipo ukutani Nyololo, kwa mjane wa Mzee Liberatus, kwa sababu ile picha ilikuwa kubwa na ilionyesha vifungo vyote.

"Nisindikize, fundi. Peke yangu nitageuka njiani."

Tulikwenda siku ile ile Zabron alipokuwa anapasuliwa. Nawaambia mapema, Zabron yupo. Aliamka anadai uji, na sasa ananizidi kula. Lakini asubuhi ile tulikuwa hatujui, na Eveline alikuwa na simu mkononi anaiangalia kama inaweza kumng'ata. Tulishuka Nyololo kwenye ukungu, upepo unapita kwenye misonobari na kuingia moja kwa moja mifupani.

Mama Apolonia, mjane wa mzee, alitukaribisha ndani. Ni mama mwenye umbo dogo, amejifunga vitenge viwili. Picha ilikuwa juu ya kochi, rozari imetundikwa kwenye pembe ya fremu. Niliona koti langu. Mzee Liberatus alikaa ndani yake kama tajiri wa mbao, na kwa mara ya kwanza kifungo kile hakikunikera.

Eveline alipiga magoti kwenye mkeka. Alieleza ni koti la nani, lilifikaje pale, na kwa nini amekuja.

Mama Apolonia alitazama picha muda.

"Kwa hiyo hii koti siyo yake."

"Siyo yake, mama. Ni ya shemeji yangu. Sikumwambia yeye, na wewe sikukuambia. Nisamehe."

"Mimi nilijua mzee hana koti," akasema. "Lakini nilifikiri ni koti ya kompyuta tu. Sikujua ni ya mtu." Akajifunga kitenge upya. "Wajukuu wanasema babu alikuwa bwana mkubwa. Na huyo mwenyewe, ni mzima?"

"Anapasuliwa leo."

Basi Mama Apolonia alipanda kwenye kochi mwenyewe, akakataa nimsaidie. Aliitoa rozari, akaishusha picha, akafuta kioo kwa pindo la kitenge, akaisimamisha mlangoni penye mwanga. Kisha akaingia chumbani.

Eveline alijaribu kupiga picha, ikatoka haionekani vizuri. Akajaribu tena. Wahenga wanasema nguo ya kuazima haisitiri matako, na mimi nilikuwa nawaza kwamba mzee huyu imemsitiri vizuri tu miaka yote hii, ila aliyebaki uchi ni Eveline. Nilifungua mdomo nimtanie hivyo, nikaufunga.

Mama Apolonia alitoka na sweta. Lilikuwa la bluu, la mkono, limetoboka kiwiko, limekunjwa vizuri na linanukia moshi. Alimpa Eveline kwa mikono miwili.

"Kama unamvua hiyo, mvalishe hii. Hii ilikuwa yake kweli. Nakuomba tu usimwache hivi hivi, mwanangu. Huku kwetu kuna baridi."

Eveline alitaka kumweleza kwamba picha haivuliwi, kwamba anachukua nakala tu na mzee atabaki na koti lake ukutani. Badala yake alilipokea sweta akaliweka usoni, na hapo ndipo alipolia kwa sauti, na Mama Apolonia akamshika bega akidhani analilia mgonjwa.

Alipotulia alilitandaza juu ya kochi, akanyoosha mikono yake, akalipiga picha nalo. Siku hizi nguo kwenye kompyuta yake amezipanga kwa majina ya wenyewe. Folda ya Zabron ina koti, na juu yake sura yake ya sasa, kama watoto walivyopewa; mfiwa akilitaka, Eveline humpigia Zabron simu kwanza. Ile ya Mzee Liberatus ina sweta moja la bluu, na hajamvalisha mtu.