Kamba ya Mtamba Pacha

Kila mwaka kwenye somo la kilimo, nikifika kwenye ukurasa wa uzazi wa ng'ombe, huupita mbio. Wanafunzi wangu hapa karibu na Ogwedhi wamekulia mazizini, na baadhi yao wanaweza kukutajia umri wa ng'ombe wakiwa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo hawaulizi mwalimu ana haraka gani. Malisho nayafundisha polepole. Maji safi, banda kavu, chanjo, dawa ya kupe, kuandika rekodi, yote polepole. Tukifika kwenye ndama pacha, najikuta nafuta ubao.

Mambo hayo niliyajua kabla sijawa mwalimu, kule kwetu Lambwe, mwaka niliomaliza kidato cha nne. Kikundi cha akina mama kilimpa mama yangu ng'ombe wa maziwa kwa masharti mawili. Kwanza, afugwe bandani siku zote. Pili, ndama jike wa kwanza akikua apewe mama anayefuata kwenye orodha. Mpaka siku hiyo ng'ombe si wako. Huwezi kumuuza, kumhamisha, wala kumwachia mtu mwingine. Mama aliumia mgongo mwaka huo huo, na aliyebaki kushika panga ni mimi.

Watu husema ng'ombe wa bandani amefungwa. Nani kawaambia? Yeye amelala kivulini anacheua. Aliyefungwa ni yule anayemkatia majani ya napia asubuhi na jioni, anayembebea maji, anayezoa samadi, anayekamua saa ile ile kila siku kwa sababu ukichelewa kiwele kinavimba. Nilikosa harusi ya rafiki yangu. Nilikosa hata mazishi, na kwetu mtu hakosi mazishi. Chuo cha Migori kilikuwa kimenipa nafasi ya kusomea ualimu, nami nikawaomba wanisubiri. Mpango wetu ulikuwa mfupi: ng'ombe azae jike, tumtoe huyo ndama, ng'ombe mama awe wetu, tumuuze, niende. Akazaa dume. Akazaa tena, dume. Nilimchukia ng'ombe yule kwa moyo wangu wote, na hakuna aliyetunza wake vizuri kuliko mimi, maana angekufa ningeanza upya na mwingine.

Mara ya tatu alizaa pacha, dume na jike. Mama alipiga vigelegele na mgongo wake ule ule. Jirani yetu mjane, ambaye jina lake ndilo lililofuata kwenye orodha, alikuja mbio mikono ikiwa bado na unga, akamfuta ndama jike kwa leso yake mwenyewe. Mimi nilisimama mlangoni mwa banda, sikuingia.

Kwenye semina ya kikundi tulikuwa tumepewa kijitabu cha ufugaji. Nadhani ni mimi peke yangu niliyekisoma mpaka mwisho, kwa kukosa kingine cha kusoma nikingoja ng'ombe ale. Ukurasa wa mwisho ulisema kwamba jike aliyekaa tumbo moja na dume huwa tasa karibu kila mara, kwa kuwa damu zao huchanganyika na viungo vyake vya uzazi havikui inavyopaswa. Asitunzwe kwa ajili ya kuzaa. Siku hiyo hiyo pacha walipozaliwa, niliwasha jiko kwa kile kijitabu.

Ndama jike alipokua akawa mtamba, jike mkubwa ambaye hajazaa, kikundi kilikutana uani kwetu. Desturi yao ni kwamba anayetoa hukabidhi kamba mbele ya wote, na anayepokea huishika kwa mikono miwili. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, hivyo kamba niliitoa mimi. Mwenyekiti aliuliza, "Kuna mtu ako na neno?" Nilikuwa nalo. Nilitazama viatu vyangu. Jirani akashika kamba kwa mikono miwili, kisha akanikumbatia. "Ero kamano, nyathina," alisema. Asante, mwanangu.

Ng'ombe wetu tukamuuza, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa Migori. Nilijiambia kwamba kijitabu kilisema karibu kila mara, hakikusema kila mara. Nililikalia neno hilo "karibu" miaka yote ya chuo, na nilipokuwa nikirudi nyumbani nilipita njia ya nyuma ya boma la jirani kama mwizi wa kuku.

Likizo iliyopita aliniona. "Mwalimu," aliita, "kuja uniangalilie hii ng'ombe yangu. Imekataa kulia."

Kwetu, daktari wa kupandikiza mbegu huitwa ng'ombe akianza kulia, ishara kwamba yuko kwenye joto. Asiyelia haitiwi mtu. Jirani yangu alikuwa amengoja kilio hicho miaka sita, akikata napia, akibeba maji, akizoa samadi. Mtamba alikuwa mnene, anang'aa, kwato zimekatwa vizuri, na shingo nene kama ya dume. Sijaona ng'ombe aliyetunzwa vile.

"Dada yangu huko Muhuru Bay ananiita tuanike samaki wa omena pamoja," alisema. "Nimemwambia angoje. Izae kwanza, nipeane jike, ndio nitoke. Wewe unajua hiyo maneno vile iko."

Niliijua. Nilivaa glavu, yeye akashika mkia, nikampima. Njia ya uzazi ilikuwa fupi, ikaishia kama imezibwa. Ningeweza kusema amechelewa tu, mwongezee chumvi ya mifugo, tungoje tena. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, na niliogopa jinsi yalivyokuwa matamu.

"Hii haitazaa, mama," nilisema. "Ilizaliwa na dume. Za namna hii hazizai."

"Nani anajua hiyo?"

"Iliandikwa kwa kile kijitabu cha semina."

Aliuachia mkia. "Na wewe ulikuwa umesoma?"

"Nilikuwa nimesoma."

Nilingoja anitukane, na ningemshukuru. Hakunitukana. Aliinama, akaifungua kamba kwenye nguzo, akaniwekea katika mkono wa kulia. Kisha akauchukua mkono wangu wa kushoto, akauweka nao juu ya kamba, akauminya mpaka ukafunga.

"Basi shika," alisema.

Akaingia nyumbani. Kupitia dirishani nilimsikia akimpigia dada yake simu, akimuuliza mashua ya kesho inatoka saa ngapi. Ng'ombe alinitazama, halafu akatazama hori lake la malisho. Lilikuwa tupu, na saa ya napia ilikuwa imefika.