Marahaba Nisiyostahili

Hapa Durban nina sifa ya mtu aliyelelewa vizuri. Jumapili, baada ya ibada ya Kiswahili kwenye ukumbi tunaopanga mjini, nawazungukia wazee mmoja mmoja na kuwapa shikamoo, hata wale wa Kongo ambao kwao salamu hiyo haijazoeleka na wengine hawajui waijibu vipi. Mwezi uliopita mama mmoja wa Bukavu alinishika mkono akawaambia wenzake, "Bon, huyu mama iko na heshima mingi. Wazazi yake walimufundisha." Nilicheka, nikashukuru. Kisha nikaenda kukaa ndani ya gari robo saa nzima kabla ya kurudi nyumbani Westville, maana sifa ile ilinichoma.

Wazazi wangu walinifundisha, ni kweli. Lakini bidii hii ya sasa haitoki kwao. Inatoka kwa bibi mmoja wa Kirusi niliyemkosea, na sijawahi kumsimulia mtu, hata mume wangu.

Nilisoma famasia Urusi, katika mji wa mkoani ambao hata Warusi wenyewe huuliza uko upande gani. Mwaka wa pili kelele za bweni zilinishinda, nikapanga chumba kwa bibi mmoja mjane. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na sheria nyingi. Viatu viishie mlangoni, uvae ndala za sufu alizofuma mwenyewe. Usipige mluzi ndani. Msichana asikae kwenye pembe ya meza, hataolewa. Mimi nilikuwa nakaa pembeni makusudi, ananihamisha, narudi. Chakula chote alikinyunyizia majani ya shibiti, ambayo kwetu huchemshiwa watoto wachanga wenye msokoto wa tumbo. Nilimwambia hivyo, akaniongezea.

Jioni tatu kwa wiki alikwenda kazini kwenye jumba la maonyesho, kupokea makoti. Kule huingii ukumbini na koti lako hata kama unatetemeka. Ni kuwatukana waimbaji. Unalikabidhi kwa bibi wa makoti, unapewa kibati chenye namba. Kengele ya mwisho ikishalia, bibi yangu alikuwa akinipitisha bure, nakaa kwenye ngazi za roshani ya juu kabisa. Hivyo ndivyo nilivyoiona baleti, mimi mtoto wa Tanga, na opera za saa tatu nzima ambazo sikuambulia hata neno. Tukirudi na tramu ananihoji. Nani alikufa? Kwa nini alijiua? Nikibabaisha anajua nilisinzia, na hasemi nami mpaka tunafika.

Sasa nije kwenye dhambi yangu. Wiki ya kwanza alinisikia nikizungumza na mama kwa simu. Akaniuliza lile neno la mwanzo ni nini. Nikamwambia ni salamu. Kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni amenyooka kando ya jiko, akainamisha kichwa na kusema, taratibu kabisa, "Shikamoo."

Mzee wa miaka sabini na ushei, mimi ishirini na moja. Nilipaswa kumkatiza hapo hapo. Nikajibu, "Marahaba."

Nimejitafutia visingizio vingi. Kwamba Kirusi changu kilikuwa kichanga, nisingeweza kumweleza. Uongo, nilikuwa nikibishana bei na wauza nyanya kwa Kirusi hicho hicho. Ukweli ni kwamba nilinogewa. Mji mzima ulinisemesha kama mtoto. Kwenye tramu watu walinishika nywele bila kuniomba. Muuza nyanya alinipa zilizooza, halafu ananiita "mdogo wangu." Jikoni mwa bibi yule, mtu mzima mwenye ngozi yao aliniamkia mimi kila asubuhi kama mkubwa wake, nami nikaitikia huku napaka jemu kwenye mkate. Nilimsimulia kaka yangu kwa simu, tukacheka hadi machozi. Mtu pekee aliyenitendea mema ndiye niliyemfanya alipie maovu ya wengine. Iliendelea hivyo miaka miwili.

Likizo ya majira ya baridi, Watanzania wenzangu wanne waliokuwa wakisoma Moscow walikuja kutembea. Niliwahi kuwatambia kwamba mwenyeji wangu ni mtu wa sanaa, na hawakuniuliza sanaa gani. Walipotaka kwenda kuona baleti nilijua bibi ana zamu siku hiyo, ila niliamini tutapanga foleni upande wa pili wa kupokelea makoti, asikokaa yeye. Upande wa pili ulikuwa umefungwa.

Alituona tangu mbali. Kumbe, kwa kuwa nilimtajia wageni, alikuwa amejiandaa: amevaa blauzi ya sikukuu, midomo ameipaka rangi. Tulipofika mbele yake aliyaacha makoti ya watu mezani, akainamisha kichwa na kuwaambia wageni wangu wote wanne, kwa sauti ya kusikika, "Shikamoo."

Wakaangua kicheko. Sikuwalaumu, mzee kumshikamoo kijana ni kitu cha kuchekesha, na hawakuwa na ubaya. Mmoja, dada wa Morogoro, alijifuta macho akaniuliza, "Nani kamfundisha huyu bibi wa watu hivi? Unamjua?"

"Simjui," nikasema. Nikacheka nao.

Bibi hakujua Kiswahili zaidi ya neno lile moja, lakini kicheko hakihitaji mkalimani. Alinitazama. Akapokea koti langu kama alivyopokea ya wengine, akanipa kibati, akamwita anayefuata. Siku ile nilikaa kwenye kiti cha kulipia kwa mara ya kwanza, na sikumbuki hata hatua moja ya wale wachezaji.

Asubuhi nilimkuta jikoni ameketi. Hakuniamkia. Alinimiminia chai, akaniuliza kwa Kirusi, "Lile neno, nani humwambia nani?"

Ningeweza kudanganya tena, nikashindwa. Nikamwambia ni mdogo humwambia mkubwa. Mkubwa huitikia.

Alifikiri, akikoroga chai ambayo hakuitia sukari. "Kwa hiyo miaka miwili wewe ndiye uliyepaswa kuniambia mimi."

"Ndiyo."

Aliweka kijiko chini, na nikaelewa vizuri sana anasubiri nini. Meza yenyewe ndogo, magoti yetu yalikuwa karibu yagusane. Lilikuwa neno moja, nimelisema maelfu ya mara kwa watu hata nisiowapenda, kwa majirani wambeya, kwa mwalimu aliyenichapa. Lakini sikulisema. Niliona nikilisema nitakuwa nimekiri yote, kaka yangu na vicheko vyake, na ile "simjui". Nikasema nachelewa darasani. Mwisho wa mwezi nikahamia bweni, nikamwambia ni karibu na maabara.

Ndiyo hiyo heshima wanayoisifu hapa mjini.

Jumapili ile ya mama wa Bukavu nilifika nyumbani, nikamtafuta mwanafunzi mwenzangu wa zamani, Mrusi, ambaye hakuwahi kuhama mji ule. Siku tatu baadaye alinipigia kwa video akiwa jikoni kwa bibi. Nilikuwa ofisini, chuoni ninakofundisha, nikafunga mlango. Yuko hai, ana karibu miaka tisini, amesinyaa, masikio mabovu ila akili timamu. Alinijua mara moja. Akaniuliza kama niliolewa. Nikamjibu niliolewa, akasema basi pembe ya meza ilikosea. Tukacheka kidogo. Akauliza kama Durban kuna jumba la maonyesho, na kama watu huingia na makoti. Nikamwambia hapa makoti hayana kazi kubwa. Hilo lilimsikitisha.

Nikaona nikingoja zaidi nitakimbia tena. Nikainamisha kichwa mbele ya simu, nikasema kwa sauti, ili masikio yale yasikie, "Shikamoo, bibi."

Uso wake ulijifunga. Nilidhani hajasikia, nikarudia. Akamtazama yule mwenzangu aliyeshika simu, akanitazama mimi.

"Usinicheke," akasema. "Nimezeeka sasa. Usinicheke tena."

Nilimwambia simcheki. Nilimwambia kwa Kirusi chote kilichonibakia, na kimebaki kidogo, nikakosea maneno, nikaanza upya. Alikubali kwa kichwa, kwa adabu, kama unavyomwitikia mgeni anayejieleza sana. Kisha akamwambia mwenzangu kwamba mkono wake utachoka, aiweke simu chini.