Siku Nilipomdai Mama Mkwe Noti Yangu

Mtakaocheka mcheke taratibu, maana mke wangu yuko jikoni na habari hii haipendi mpaka leo. Mimi ndiye yule mtu wa Mbinga aliyekwenda Lipingo kuposa akaonekana mchawi mchana kweupe, ngoma imekolea na watu wamejaa, kwa sababu ya noti ya elfu mbili. Nimeshajaribu kuisimulia ili mimi nionekane nilionewa, lakini haikubali.

Kazi yangu ni uwakala, natuma na kutoa pesa za watu kwa simu, kibanda changu kipo karibu na stendi, na msimu wa kahawa noti hupita mikononi mwangu mpaka vidole vinanuka. Siku moja mama mmoja muuza usipa alikuja kuweka pesa zake, na kati ya noti zake mojawapo ilikuwa ya elfu mbili, imechoka, inanuka samaki kuliko samaki wenyewe, na sijui ni nini kilinifanya niisome namba yake: saba tupu, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho. Nikatia yangu kwenye droo, hiyo nikaichukua, nikaenda kumwonyesha jirani yangu Mzee Shaweji, muuza vitambaa, ambaye wazee wake walitokea Kilwa na ambaye ana kopo la biskuti limejaa noti na sarafu za zamani. Akavaa miwani, akaigeuza, akaiinua juu kwenye mwanga.

"Osmundi, hii usiitumie," akaniambia. "Wapo watu Dar wanatafuta namba za namna hii. Utapata bei ya mbuzi. Ukimpata mwenye wazimu wake, bei ya ng'ombe."

Mimi bwana nilimsikia ng'ombe tu, mbuzi sikumsikia kabisa.

Sasa wiki hiyohiyo ndiyo nilikuwa natakiwa Lipingo kwa kina Skola, kusikia jibu la posa yangu. Ningeiacha ile noti nyumbani kwenye Biblia yangu, leo nisingekuwa na cha kusimulia, lakini nikaona niitie mfuko wa shati nikamwonyeshe Skola, ajue anaolewa na mtu mwenye nyota (uamuzi mdogo tu, wa mtu anayependa sifa).

Nilikwenda na baba yangu mdogo, Ditrami, ndiye mshenga wangu. Tukapokelewa vizuri, tukala ugali wa muhogo na samaki mbasa wa kuchoma, na baba mkwe akasema jibu tutalipata jioni, kwanza tukawaangalie kina mama wanacheza ngoma ya kioda uwanjani, maana kikundi kile mtunza pesa wake ni mama mkwe. Alikuwa ameketi kwenye mkeka, bakuli mapajani, na kila mchezaji aliyetunzwa alikwenda kuitia pesa pale. Mimi nikakaa mbali naye kama desturi inavyotaka, kwa kuwa mkwe hamsogelei mama mkwe, hampi mkono, hamsemeshi hovyo, na ukiwa na jambo unalipitisha kwa mtu.

"Toa kitu, wanakutazama," baba mdogo akaninong'oneza.

Nikasimama kwa maringo, nikachomoa noti mfukoni, nikambandika mchezaji mmoja kwenye paji la uso, vigelegele vikalia, nikarudi kukaa nikiwa nimeridhika kabisa. Baadaye kidogo nikapapasa mfuko. Nilikuja na noti mbili za elfu mbili, ile na nyingine ya kutunzia; sasa ilibaki moja. Nikaichungulia namba: mbili, sifuri, tano... Jamani! Ng'ombe wangu alikuwa kwenye bakuli la mama mkwe.

Mtu mwenye akili angemwambia mshenga polepole, mshenga akamwambia baba mkwe, na mambo yakaisha kwa kicheko. Mimi nilikatiza katikati ya wachezaji, nikapiga goti mbele ya mama mkwe na kuingiza mkono kwenye bakuli lililokuwa mapajani mwake.

Ngoma ikanyamaza.

"Samahani mama," nikasema, huku natafuta. "Kuna noti yangu humu nimetoa kwa makosa. Naomba hiyohiyo. Nitakupa elfu kumi badala yake."

Nilidhani elfu kumi itanisaidia. Ndiyo iliyonimaliza. Mama mkwe aliliachia bakuli kama limemuunguza, na mama mmoja nyuma yake akapaza sauti, "Chuma ulete!"

Kama hujawahi kuuza hata karanga, nikueleze: chuma ulete ni pesa yenye dawa, mchawi anakupa, ikilala na za kwako inazivuta zote kwenda kwake. Sasa mtu anatoa elfu mbili kwenye pesa za kina mama, halafu anaitaka ileile, kwa elfu kumi, na kazi yake ni kushinda na pesa za watu kibandani! Hata ningekuwa mimi ningepiga kelele. Noti zilitawanyika mchangani na hakuna aliyeinama kuziokota.

Baba mkwe alikuja taratibu, mikono nyuma. "Mwanangu, tuambie. Hiyo noti ina nini?"

Nikaeleza namba, nikaeleza Dar, nikaeleza wakusanyaji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo noti ya elfu mbili inauzwa ng'ombe?"

"Ndiyo, baba."

"Na huyo mwenye ng'ombe hana elfu mbili nyingine?"

Watu wakacheka, lakini si cheko la kunisaidia. Mama mkwe akasema, akimwambia mumewe maana mimi sikuwa wa kuambiwa, kwamba kama ni pesa safi basi nikanunue soda nayo, tunywe wote. Nikaona nimepona. Nikaiokota, nikaenda dukani pale kando ya uwanja, umati nyuma yangu, na mwenye duka alipouona ule mkono wangu akafunga dirisha. "Kwangu hapana, kaka," akasema akiwa ndani. "Nina watoto wanasoma."

Baba mdogo Ditrami alikuwa ameshavaa kofia yake ya safari. Baba mkwe akanionyesha mafiga yaliyokuwa na sufuria la chai ya wachezaji.

"Moto haukatai noti," akasema. "Ukiiweka humo, yameisha. Ukiondoka nayo, ondoka nayo."

Hapo nikasimama. Sikusimama sana, ila nilisimama kiasi cha mtu kuona, nikiwa nimeishika kwa vidole viwili, naziangalia zile saba. Skola alikuwa mlangoni kwao, hatua chache tu kutoka pale uwanjani.

"Unafikiria?" akaniuliza.

Nikaitupa. Iliungua upesi kama karatasi yoyote, vigelegele vikarudi, na jioni jibu la posa likawa ndiyo. Mama mkwe naye ni mtu mwema, kila msimu ananitumia usipa, ila pesa yangu haigusi kwa mkono mpaka leo. Nikitaka kumpa kitu, nampelekea kwenye simu.

Kesho yake Skola alinisindikiza barabarani. Njiani akaniuliza pale motoni nilikuwa nafikiria nini. Nilitaka kusema nilikuwa nasali. Nikamwambia kweli: nilikuwa nafikiria bei.

"Afadhali," akasema. "Ungesema ulikuwa unanifikiria mimi, ningekurudishia posa yako."

Alinikubali, lakini hakucheka, na hajacheka bado. Kwa hiyo ninachoweza kuwaambia ni hiki, na nimeshaapa sitarudia: siku mkiambiwa mbele ya watu mchague kati ya kitu na mtu, msipige hesabu. Hata ukichagua vizuri, ile hesabu imeshaonekana.