Siku Niliyojificha Kwenye Mtumbwi wa Ma Koku

Mpaka leo nikipita Kayanga karibu na lile ghala la zamani la kahawa huwa nainamisha kichwa kama mtu aliyedondosha sindano, maana wa rika langu wakiniona tu wanapaza sauti, "Ndizi! Habari za siku?" na mimi ni mtu mzima mwenye wajukuu, sasa babu kuitwa Ndizi mbele ya wajukuu, hiyo kama si aibu ni nini? Basi bora niseme mwenyewe, kwa mdomo wangu, kwa sababu wenzangu wakiisimulia wanaongeza chumvi, wapo wanaosema nilikuwa uchi (uongo mtupu, suruali nilikuwa nayo).

Ilikuwa miaka ya themanini, ile ambayo hata sabuni ilitafutwa kwa ujanja, sembuse nyuzi za gitaa. Tulikuwa na bendi yetu ya dansi pale Bugene, mimi napiga solo, Deo anapiga besi. Deo nilikua naye, wazee wake walivuka kutoka Burundi yeye akiwa mgongoni, tukachunga mbuzi pamoja, tukajifunza gitaa moja kwa zamu, na nyuzi zikikatika tunafunga waya wa breki za baiskeli na muziki unaendelea. Uzi halisi nilikuwa nao mmoja tu wa akiba, umeletwa kutoka Bujumbura, na nikiwaambia kwamba nilikuwa nalala nao chini ya mto msinicheke.

Na mimi, nikubali tu, nilikuwa mtu wa kushuku. Kuku wangu akienda kutaga kwa jirani, mimi nasema ameitwa. Watu wawili wakicheka njiani nami napita, ni mimi wanayenicheka. Mama yangu alikuwa akisema moyo wangu una masikio mengi kuliko kichwa, nami nikawa namshuku hata yeye kwamba kuna mtu amemfundisha kuniambia hivyo.

Sasa lile ghala lilikuwa la Alhaji mmoja mwenye duka mjini, wazee wake wenye asili ya Tanga, na baada ya kahawa kuhamishiwa kwingine akalifagia, akajenga jukwaa la mbao, akaweka jenereta, likawa ukumbi (harufu ya kahawa haikutoka hata siku moja, ukicheza sana vumbi la maganda linakupanda puani). Akatangaza kwamba Jumapili fulani mchana vikundi vyote vije vipige mbele ya watu, na kitakachompendeza yeye na watu ndicho kitapewa ukumbi kila Jumapili msimu mzima wa kahawa, wakati ambao wakulima wa mpaka kule Kyerwa wana fedha na sababu ya kutoka. Jamani, kwa bendi kama yetu, iliyokuwa ikipiga kwenye harusi na kulipwa mkungu wa ndizi, ule ukumbi ndio ulikuwa maisha. Masharti ya Alhaji yalikuwa mafupi: "Nikimwona mpigaji mmoja amelewa, bendi yake isahau mlango huu."

Nikatunga wimbo kwa ajili ya siku hiyo. Nikauita Jeneroza. Sauti yake ilinijia asubuhi moja nikiwa napalilia migomba, ikaja yote nzima kama maji ya bomba, nikasema leo Mungu amenikumbuka. Tukaufanyia mazoezi kwa siri, milango imefungwa, madirisha yamezibwa na magunia, mpiga ngoma wetu karibu azimie kwa joto.

Basi siku chache kabla ya shughuli napita na baiskeli karibu na kigango, nasikia kwaya inafanya mazoezi, Mwalimu Gaspari na gitaa lake mbele, na wanachoimba ni Jeneroza! Maneno ni ya kumshukuru Bwana, lakini sauti ni ile ile, inapanda pale pale, inashuka pale pale. Nilisimama na baiskeli yangu kama mtu aliyepigwa kofi. Nikajiuliza nani kaniuza, na jibu likaja haraka mno: dada yake Deo anaimba kwenye kwaya ile. Kikulacho ki nguoni mwako. Je, nilimwuliza Deo? Thubutu! Nilinyamaza, nikaanza kumpeleleza. Akipiga chafya, naandika moyoni. Akichelewa mazoezini, naandika. Akiniletea viazi kutoka kwao, najiuliza ananinunua kwa viazi?

Jumapili ikafika. Ukumbi umejaa mpaka watu wamekaa madirishani, akina mama wa madukani na kanga zao mbele wanangoja kikundi chao cha taarabu, wakulima wa Rugera nyuma, vijana pembeni. Aliyefungua ni mzee mmoja wa enanga, lile la ubao na nyuzi za mishipa ya ng'ombe linalolazwa mapajani, watu wakatulia tuli. Kisha taarabu, halafu ingekuja kwaya, na sisi mwisho. Mnaona hapo? Kwaya kabla yetu! Wangeimba wao kwanza, sisi tukipanda tungeonekana ndio wezi. Nikasema hii ratiba imepangwa.

Wapigaji wote tulingojea nyuma ya ukumbi, kwenye shamba la migomba la Ma Koku, mama aliyekuwa akipika rubisi, pombe ya ndizi, pale (Alhaji alikuwa akilalamikia jirani huyo kila siku, naye Ma Koku akimjibu kwamba migomba ilikuwepo kabla ya ghala). Nimekaa kwenye jiwe na suruali yangu nyeupe pana chini, shati la maua, viatu vya visigino, nikamwona Mwalimu Gaspari anamkonyeza Deo. Deo akainuka polepole. Wakazunguka nyuma ya kibanda cha Ma Koku. Nami huyo, nyuma yao, nanyata kati ya migomba.

Nikawasikia. Gaspari anasema, "Na akijua je?"

Deo anajibu, "Hawezi kujua. Ila asijue tu kwamba nimekupa mimi. Unamjua alivyo."

"Mungu akubariki. Bila hiki tungeaibika leo."

Ndugu zangu, damu ilinichemka. Unamjua alivyo! Nikataka kusikia zaidi, nikasogea, kijiti kikavunjika, wakanyamaza, nikasikia nyayo zinakuja upande wangu. Sina pa kwenda. Mbele yangu upo ule mtumbwi wa kukamulia pombe, gogo refu lililochongwa, umefunikwa majani ya migomba, na mtoto yeyote wa Karagwe anajua kwamba mtumbwi ukifunikwa majani ndani mna kitu. Mimi nilijua. Lakini nikajiambia ni kidogo tu, wapite niondoke. Nikainua majani, nikajitumbukiza, nikajifunika.

Ndani mlikuwa na ndizi za pombe zilizoiva, zimekwisha menywa, zinangoja kukanyagwa. Laini! Nilizama taratibu mpaka masikioni. Ubaridi ukapita shati, ukapita suruali, ukafika mahali ambapo sitapataja. Deo na Gaspari wakapita wakaenda zao, nikasema sasa nitoke, mara nikasikia Ma Koku anakuja na vijana wake, wanaweka chini mafungu ya nyasi za kukanyagia, wanakaa. Wanakaa! Ma Koku anasimulia habari za mbuzi wa jirani, vijana wanaosha miguu, na mimi nimelala kwenye uji wa ndizi, nyuki mmoja kaingia, wa pili kaingia, sithubutu hata kupumua.

Na hapo ndipo kwaya ikaanza kule ndani. Spika za Alhaji zilikuwa kali, kila neno linafika. Nikasikia gitaa la Gaspari, safi, linalia kama langu, na sauti zikapanda pale pale na kushuka pale pale, na watu wakaanza kupiga makofi. Wimbo wangu! Jeneroza wangu anapigiwa makofi mikononi mwa watu wengine nami nimezikwa nikiwa hai!

Nikainuka. Sikufikiri, niliinuka tu, na majani kichwani na ndizi zikinitiririka, na Ma Koku akanitazama kwa muda mdogo sana kabla ya kupiga ukelele uliosikika nadhani mpaka Rugu.

"Mawe, mama yangu! Mtu! Mtu kwenye pombe yangu! Mwizi!"

Mtu mwenye akili angesimama akajieleza. Mimi nilikimbia, na ukishakimbia wewe ni mwizi, hakuna maelezo tena. Nikaingia mlango wa nyuma wa ukumbi, huo unatokea moja kwa moja jukwaani, visigino vikateleza, nikapita katikati ya waimbaji wa sauti ya pili kwa tumbo, nikashika maikrofoni ili nisianguke kabisa. Kwaya ikanyamaza. Na mimi, badala ya kuomba radhi, nikanguruma kwenye spika: "Hawa ni wezi! Wimbo huu ni wangu, na aliyewauzia ni Deo!"

Wakati huo huo nyuki aliyekuwa ndani ya shati akaamua yake. Nikaruka. Nikajipiga mgongoni, nikaruka tena, nikazunguka kwa mguu mmoja, na vijana wa pembeni wakalipuka, "Mtindo mpya! Rudia!" Mama mmoja wa taarabu alikuja na kanga yake akataka kunitunza, alipofika karibu akasikia harufu, akarudi nayo.

Ma Koku naye huyo jukwaani, fungu la nyasi mkononi, ananichapa nalo. "Amelala kwenye mtumbwi wangu! Na viatu!"

Alhaji akasimama pale mbele, kanzu nyeupe, uso umemkunjamana. "Amelewa," akasema.

"Sijalewa, Alhaji, wallahi sijanywa kitu," nikasema (mimi Mkristo, sijui ile wallahi ilitoka wapi), huku kipande cha ndizi kikinidondoka kidevuni.

Mwalimu Gaspari ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionimaliza. Aliuliza, "Kijana wangu, wimbo gani ambao ni wako?" Nikamwimbia pale pale, kwa hasira, na kabla sijamaliza mstari nikasikia kuna sauti zinanifuata. Akina mama wa Rugera nyuma kule walikuwa wanaimba na mimi, kwa Kinyambo, wanakanyaga sakafu kwa miguu yao, kushoto, kulia, kushoto, na vijana wa Ma Koku pale mlangoni, miguu bado ina maji, nao wanakanyaga. Sauti ile ile. Inapanda pale pale, inashuka pale pale. Ukumbi wote ukaitikia.

Ma Koku akashusha nyasi zake. "Waitu, jamani," akasema, "huu si wimbo wetu wa kukanyagia ndizi? Mama yako mwenyewe kauimba kwenye mtumbwi huu wewe ukiwa mgongoni."

Nilikosa pa kuuficha uso. Ni kweli. Niliusikia toka sijaota meno, nikausahau, ukanirudia shambani, nikadhani nimetunga.

"Na Deo?" nikauliza, sauti imekuwa ndogo, bado natafuta kitu cha kushika. "Deo kakupa nini kule nyuma?"

Gaspari akainua gitaa lake juu watu wote waone. Mmoja kati ya nyuzi ulikuwa unang'aa. "Wangu ulikatika asubuhi hii. Amenipa ule uzi wako wa akiba kutoka kwenye kasha la gitaa lako, akasema atakununulia mwingine. Aliogopa kukuomba."

Nikageuka. Deo alikuwa amesimama mlangoni na besi yake mkononi. Hakunitukana. Angenitukana ingekuwa nafuu. Alinitazama tu, halafu akatazama chini, na mimi nikatolewa nje na watu wa Alhaji, wananishika kwa ncha za vidole.

Ma Koku alimhakikishia Alhaji kwamba ndizi zile zilikuwa bado hazijawa pombe, basi bendi yangu ikapanda bila mimi, Gaspari akaombwa awasaidie solo, na walipiga vizuri mpaka Alhaji mwenyewe akatikisa kichwa kufuata mdundo. Ukumbi tukaupata. Yaani wakaupata wao. Alhaji alisema, "Bendi nimeipenda. Yule wa ndizi abaki nje."

Kesho yake nilikwenda kwao Deo, nikamkuta anachuma kahawa. Nikasema yote, kwamba nimekosa, kwamba nilimpeleleza, hata habari ya viazi nikamwambia. Alichuma tawi zima. Kisha akasema, "Ungeniuliza." Akanisogezea kikapu, nikaanza kuchuma na mimi, tukachuma mpaka jua likawa kali, na nilikuwa nalia lakini nilisingizia jasho.

Ma Koku naye alinipeleka kwa balozi wa nyumba kumi, ambaye alicheka mpaka akakaa chini, halafu akaamua kwamba nirudishe mikungu ya ndizi na nimkanyagie Ma Koku msimu mzima. Basi kila Jumapili mchana bendi yangu ikiwa inapiga ukumbini, mimi nipo upande wa pili wa ukuta, suruali nimekunja magotini, nakanyaga. Wakifika kwenye Jeneroza vijana wa Ma Koku wananitazama wanajizuia wasicheke, na ninachoona uchungu kukiri ni kwamba Gaspari aliupiga vizuri kuliko mimi, kwa mwendo wa miguu, jinsi unavyotakiwa.

Msimu uliofuata Deo aliniombea mimi Ndizi radhi kwa Alhaji, nikarudishwa. Lakini tangu siku ile niliapa, na kiapo hiki sijakivunja: sitajificha tena kumsikiliza mtu ninayempenda. Nikishuku, nabisha hodi, nauliza, hata kama swali ni la kipumbavu. Mke wangu amechoka na maswali yangu, ananiambia wewe mzee unauliza kama polisi. Namwambia vumilia, mama, hujui ninachokikwepa. Deo alipofariki nilikaa na wanawe msibani, wakaniuliza baba yao alikuwa mtu wa namna gani, na nikawaambia alikuwa mtu ambaye ningeweza kumwuliza.