Sentimita Moja Iliyochukua Vidole vya Dada Yangu

Nimekosa, na kosa ni langu peke yangu. Naliweka hili mbele kabisa kwa sababu kwa miezi saba nimewaacha watu wa kwetu waamini kuwa mkosaji ni mtu mwingine. Mtu huyo ni dada yangu, tumbo moja, ziwa moja.

Wewe unayesoma hunijui, na ndiyo maana kwako naweza kusema. Usinionee huruma. Nisikilize tu hadi mwisho.

Kwetu ni Mazingara, Handeni. Baba ni mkulima wa mahindi. Ana gari dogo la zamani, na gari hilo ndilo miguu ya nyumba nzima: linabeba magunia, linapeleka wagonjwa, linabeba mizigo ya vitambaa vya dada. Dada nitamwita Zaina, si jina lake. Ni fundi cherehani. Amenizidi miaka saba, na sare yangu ya darasa la kwanza aliishona yeye, akiwa bado anajifunza. Mguu mmoja wa kaptura ulikuwa mrefu kidogo kuliko mwingine. Nililia, nikagoma kuivaa. Akaifumua yote, akaishona upya bila kunilaumu hata kidogo.

Ndivyo nilivyo tangu utotoni, jamani! Kitu kikipinda kidogo, moyo wangu hautulii. Na kibaya zaidi, naogopa mno kuonekana nimekosea.

Ufundi wa magari nimejifundisha mwenyewe. Chuo sijakanyaga. Naangalia video kwenye simu, naandika kwenye daftari, narudia kuangalia. Nati nikiifungua naifuta, naipanga kwenye gazeti, naichorea duara na kuiandikia jina. Watu walikuwa wananicheka, lakini moyoni nilijiona fundi kuliko mafundi.

Basi springi za mbele za gari la Baba zikachoka. Ukiingia kwenye shimo unasikia kishindo hadi kwenye meno. Gari likawa limeinamisha pua kama ng'ombe anayekunywa maji. Baba akasema atalipeleka Korogwe kwa Mzee Mhina, fundi wake wa miaka yote. Mimi nikasema hapana, kazi hiyo nitaifanya mwenyewe, hapa hapa nyumbani.

"Umeisomea wapi?" Baba akauliza.

"Kwenye simu, Baba. Nimeiangalia mpaka naiona nikifumba macho."

"Na hiyo simu imewahi kushika grisi?"

Zaina alikuwa kwenye cherehani, akacheka mpaka uzi ukamkatikia. "Baba, mwache ajaribu. Huyu akifunga kitu hata upepo haupiti. Mimi namdhamini."

Alinidhamini. Neno hilo hadi leo linanichoma!

Nikueleze kidogo ili uelewe. Springi ya mbele inakaa imebanwa juu ya shokapu, lile bomba la kupunguza mtikisiko. Ukitaka kuitoa, lazima kwanza uibane ipungue urefu, ndipo ufungue nati ya juu. Ikiwa imebanwa, ina nguvu za kutisha. Ikichomoka, inamuumiza vibaya aliye karibu. Gereji wana kifaa maalumu cha kuibania. Mimi nilichora changu kwenye daftari, nikampelekea mchomeleaji: vyuma viwili virefu vyenye uzi wa nati, kila kimoja na ndoano zake mbili za kushikia springi. Kilipokuja nikakipaka rangi nyekundu. Nikatamba kwamba hata Korogwe hawana kama hicho.

Springi mpya nilizifuata Korogwe mwenyewe. Nilipoanza kubana ile ya kwanza, upande wa kulia, niliona ndoano moja imeteleza. Kidogo tu, upana wa ukucha. Nikalegeza, nikairudisha, nikabana upya, ikashika.

Hapo ndipo nilipopaswa kuacha. Mimi ninayefuta vumbi kwenye nati, mimi ninayechora maduara kwenye gazeti, nililiona kosa kwenye kifaa changu nikalinyamazia. Kwa nini? Kwa sababu nilishatamba. Nikimwambia mtu kuwa ndoano inateleza, wataniita fundi wa simu.

Pande zote mbili zikaisha salama. Tukashusha gari, Baba akalizungusha hadi barabarani na kurudi. Alishuka anatabasamu.

"Limekuwa kama kitanda!" akasema, akanipiga begani. Baba yangu si mtu wa kusifu. Zaina akapiga kigelegele akiwa na pini mdomoni.

Ningeishia hapo! Ee Mungu wangu, ningeishia hapo tu!

Lakini nilichukua tepu ya Zaina, ile ya kupimia nguo, nikapima kutoka chini hadi kwenye ukingo wa madigadi, ile bati inayofunika tairi. Kulia, sawa. Kushoto, pungufu kwa sentimita moja. Nikapima tena. Sentimita moja. Nikapima mara ngapi sijui.

Nikampigia simu Mzee Mhina. Nilimsalimu, akaitika, nikamweleza.

"Springi mpya ni mgeni, mwanangu," akasema. "Mpe wiki aizoee nyumba. Halafu, umelisimamisha wapi hilo gari?"

"Uwanjani kwetu, mzee."

"Pako sawa hapo?"

"Pako sawa," nikajibu. Hata sikugeuza shingo kuangalia.

Siku mbili sikula vizuri. Kila nikipita naliona gari limeinama kushoto. Baba halioni, Zaina halioni, majirani hawalioni. Mimi naliona! Jumamosi, baada ya sala ya adhuhuri, Baba akiwa shambani, nikapandisha gari juu ya mawe, nikatoa tairi la kushoto, nikaitoa shokapu na springi yake. Nilitaka kuhakikisha kuwa ncha ya springi imekaa vizuri kwenye kikalio chake, kile kisahani cha chini. Hiyo tu.

Zaina akatoka nje na chaki sikioni. "Jamani! Si umemaliza?"

"Imepungua sentimita moja."

"Nguo ikipungua sentimita moja, mdogo wangu, mteja anavaa na anakwenda harusini."

"Hii si nguo, dada. Njoo unishikie."

Akaja. Tulichuchumaa chini, shokapu imelala kati yetu juu ya gunia. Nikabana springi kwa kifaa changu, nikafungua nati ya juu, nikaigeuza springi kidogo, nikairudisha nati. Mikono yangu miwili ilikuwa kwenye spana. Nikamwambia maneno haya, na naomba uyasome vizuri:

"Ingiza vidole hapo chini, uniambie kama ncha imegusa mwisho."

"Haitaniuma?"

"Imebanwa. Haiwezi kutoka."

Aliingiza mkono wa kulia. Akasema, "Bado kidogo—"

Ndoano iliteleza. Safari hii haikuishia upana wa ukucha.

Sitaeleza sauti ile. Sitaeleza nilichokiona. Nitasema tu kwamba nilimfunga mkono kwa vitambaa vya sare vilivyokuwa kwenye kapu lake, na kwamba nilikimbilia gari kwa mazoea, nikafungua mlango kabisa, kabla sijakumbuka kuwa liko juu ya mawe na tairi moja halina. Gari linalobeba wagonjwa wa watu wote, siku ya dada yangu nimelivunja miguu mimi! Alipelekwa hospitali kwa bodaboda. Nilikaa nyuma yake nimemkumbatia, na kila tuta la barabara alikuwa ananiuliza, "Bado mbali?"

Madaktari walijitahidi. Lakini kidole cha shahada na cha kati havikuokoka.

Baba alifika jioni, miguu ina udongo wa shamba. Zaina alikuwa amelala, macho amefumba. Baba akasimama miguuni pa kitanda.

"Ilikuwaje?"

Nikafungua mdomo. Wallahi nilitaka kusema kweli. Lakini nikayaona macho ya Baba, nikakumbuka mkono wake begani mwangu, na mdomo ukajisemea: "Nilimwambia asisogee, Baba. Akaingiza mkono mwenyewe."

Baba alitikisa kichwa, akamwangalia mwanawe. "Zaina naye! Mwanamke na springi, wapi na wapi?"

Uongo ule ulitoka hospitalini ukafika kijijini kabla yetu. Kisimani wanawake walisema alitaka kuvaa ovaroli kama mwanamume. Wazee walimfanyia mfano binti zao: angalieni ukaidi ulivyomfanya. Na mimi wakanipa pole! Wakasema bahati mbaya, kijana wa watu anajua kazi, dada ndiye aliyemharibia.

Zaina hakujibu mtu. Alirudi kwenye cherehani. Mguu unakanyaga, mkono wa kushoto unasukuma kitambaa, lakini mkasi ulimshinda. Nilimkuta siku moja ameushika kwa dole gumba na vidole viwili vilivyobaki, kitambaa cha kijani kimekatika kama kimetafunwa na panya. Hakulia. Alikikunja akakiweka chini ya meza. Sare za mwaka huu, walimu wakapeleka kwa fundi mwingine.

Na Baba alikuwa akimwita mkaidi. Hata chumvi ikizidi kwenye mboga: "Mkaidi huyu."

Fundi wa kijijini ndiye aliyeirudisha ile springi garini, ile ile, bila kubadilisha kitu. Wiki iliyopita Baba akaamua kulipeleka gari Korogwe likakaguliwe. Tukaenda watatu, kwa kuwa Zaina alikuwa na kliniki ya mkono. Baba alituacha gereji akaenda kununua mbegu.

Mzee Mhina aliingiza gari kwenye sakafu yake ya saruji. Akalala chini, akachungulia, akatikisa hiki na kile. Kisha akapima madigadi pande zote mbili.

"Nani alisema limeinama?"

"Mimi, mzee. Kushoto. Sentimita moja."

Akanipa tepu. "Pima."

Nilipima kulia. Nilipima kushoto. Zilikuwa sawasawa. Sawasawa kabisa, kama mapacha!

"Nimefika kwenu mara nyingi," Mzee Mhina akasema, sauti yake haina ukali. "Uwanja wenu una mkondo uliochimbwa na maji ya mvua. Tairi la kushoto linasimama humo. Nilikuuliza, mwanangu."

Aliniuliza! Ni kweli aliniuliza! Gari halikuwa na kosa lolote. Nilimlemaza dada yangu nikirekebisha kitu kilichonyooka.

Zaina alikuwa kwenye benchi, mkono ndani ya kanga. Akauliza taratibu, "Kwa hiyo lilikuwa zima?"

Nikakaa karibu yake. Nilishindwa kumwangalia. "Dada, pale hospitali nilimwambia Baba—"

"Nilisikia."

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimefumba macho tu. Nilisikia kila neno."

"Mbona hukusema?"

"Siku ya kwanza nilisema moyoni, anaogopa, kesho atasema. Kesho yake nikasema, atasema Ijumaa. Nikawa nakungoja, mdogo wangu. Nimekungoja miezi saba. Vidole nimevizoea. Kukungoja ndiko sikukuzoea."

Sijawahi kupigwa kipigo kama hicho.

Baba aliporudi na mfuko wake wa mbegu, nilisimama mbele ya Mzee Mhina na vijana wake wote, nikasema. Nikasema kuhusu ndoano. Nikasema mimi ndiye niliyemwambia aingize vidole. Nikasema aliniuliza kama haitamuuma, nami nikamhakikishia. Nikapiga magoti, nikasema, "Nisamehe, Baba."

Baba aliuweka mfuko chini. Alivua kofia, akamwendea Zaina, akaushika ule mkono aliokuwa hajaugusa tangu siku ile. Sikusikia alichomwambia. Kisha akanigeukia.

"Usinipigie mimi magoti. Vidole si vyangu."

Tangu siku hiyo hajaniambia neno lingine zaidi ya salamu, na sidai zaidi.

Wewe unayejifunza kazi peke yako, kama mimi, nakusihi. Springi si ya kuchezea nyumbani kwa kifaa cha kubuni. Ukiona chombo kimeteleza hata upana wa ukucha, acha kazi, sema, hata wakikucheka. Mzee akikuuliza kama uwanja uko sawa, geuka uuangalie. Na ukishamuumiza mtu, tafadhali, usimbebeshe na lawama! Jeraha nililomtia dada yangu alilibeba mara mbili.

Nimezunguka nyumba tano hadi sasa kuusema ukweli. Zimebaki nyingi. Kisimani nitakwenda kesho asubuhi, wakiwa wamejaa.

Jana Zaina alinipa mkasi, tukate kaptura ya mtoto wa jirani. Yeye anachora kwa chaki kwa mkono wa kushoto, mimi nakata. Nikatoka nje ya mstari, kaptura ikapungua mguu mmoja. Nikasema, "Ngoja dada, nikate nyingine."

Akaichukua, akaiangalia, akaiweka kwenye cherehani.

"Acha," akasema. "Ataivaa hivyo hivyo."