Kisu cha Mkono Mmoja

Verla Hadlock hana kidole gumba cha mkono wa kulia, na ukimwonea huruma atakutukana. Usijaribu. Mhubiri mmoja mgeni alijaribu. Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akamwambia, "Pole sana, mama." Verla akamjibu, "Pole ya nini? Kidole changu kilifia kazini. Chako kitafia wapi?" Tangu siku hiyo mhubiri humsalimia kwa mbali.

Kwetu huku kaskazini mwa Nevada, kukatika gumba si habari. Mtu akiwa juu ya farasi humrushia ndama kamba, na akishamnasa huizungusha upesi kwenye pembe ya tandiko, ile nundu iliyo mbele ya mpandaji, ili farasi ndiye abebe mvuto. Ukikosea, gumba likalala chini ya kamba, basi kamba hubana na gumba hubaki palepale. Kila mtoto hukua akipigiwa kelele, "Gumba juu! Gumba juu!" Verla alipigiwa, na miaka mingi aliliweka juu. Siku moja hakuliweka. Akashuka, akaufunga mkono kwa skafu yake ya shingoni, akauliza nani atammalizia yule ndama.

Kilichomuuma si kidole, ni kamba. Baba yao, mzee Hadlock, alikuwa na kamba ya ngozi aliyoisuka mwenyewe jioni za baridi, ndefu, laini mkononi, na bonde zima lilijua kwamba itakuwa ya Verla. Yeye ndiye mkubwa, na yeye ndiye aliyejaliwa mkono wa kurusha. Orrin, mdogo wake, alinasa vichaka zaidi ya ng'ombe. Lakini gumba lilipokwenda, mzee alimwita Orrin akampa. "Kamba haina kazi kwa mtu asiye na gumba," alisema, na binti yake alikuwa amesimama hapohapo. Mzee akafa na neno lake, na Orrin akalirithi pamoja na kamba.

Unadhani Verla alilia? Alilia, tena sana, lakini zizini, ambako ng'ombe hawasengenyi. Kisha akajifunza kuzungusha kamba ya dukani kwa vidole vinne. Mumewe alitaka wahamie mjini Reno, yeye alitaka ng'ombe. Kila mtu akapata alichotaka.

Shida ikabaki kisu. Hakuna anayefuga bila kisu mfukoni. Unakata kamba ya kufungia majani makavu, unakwangua kwato, unahasi, unamenya tufaha. Akina Hadlock wote walibeba kisu cha kukunja cha namna moja, chenye bapa tatu, kila bapa na mfuo wake wa kutia ukucha. Mkono mmoja unashika mpini, mwingine unavuta. Siku moja Verla alimkuta ndama amenaswa mguu na kamba ya majani, akamlalia kwa goti na mkono wa kushoto, na kisu chake cha namna hiyo kikakataa kufunguka kwa vidole vinne vilivyobaki. Akakifungua mwishowe kwa kukibana gotini, huku anatukana ukoo mzima. Kesho yake akaendesha pikapu hadi duka la visu mjini Elko.

"Hiki ni cha mkono mmoja, mama," muuzaji akamwambia. "Unaona hiki kijiti ubavuni mwa ubapa? Unakisukuma tu."

"Nakisukuma na nini?"

"Na gumba."

Verla akainua mkono. Muuzaji akakirudisha kabatini, akaleta kingine chenye tundu kwenye ubapa. "Hiki sasa unatia..." Akajizuia.

"Maliza, mwanangu. Natia nini?"

Siku hiyo alirudi na cha kitufe. Unabonyeza na ubapa unaruka wenyewe. Alikipenda kama mtu anavyopenda mbwa mkali, na kikamfanyia kama mbwa mkali. Alipoinama kuvaa buti, kitufe kikabonyea mfukoni, ubapa ukachomoka ukamchana paja. Orrin aliisimulia habari hiyo kwenye kila kikao, na kila akiisimulia jeraha lilirefuka.

Verla akakitupa, akanunua kingine. Hiki kilikuwa na pezi dogo mgongoni. Unalivuta kwa kidole cha shahada, ubapa unaanza kutoka, kisha springi iliyomo ndani inaumalizia, cha! Hakina kitufe cha kubonyea mfukoni. Lakini nacho kilikuwa na vituko vyake. Mlio ule uliwashtua farasi wachanga. Posta alikifungua akate kamba ya kifurushi, karani akarukia nyuma ya kabati. Na vumbi la zizini liliingia kwenye springi, ikabidi kila jioni akipulize na kukitia mafuta kama mtoto mchanga.

"Unakihudumia kisu kuliko ulivyomhudumia mumeo," Orrin alimwambia.

"Kisu hakijaniomba tuhamie Reno."

"Haraka haraka haina baraka, dada. Kisu kinachofunguka upesi hufunguka hata usipotaka. Hiki cha baba kinakupa nafasi ya kufikiri."

"Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hicho chako kinataka mikono miwili, na siku utakapokihitaji hasa hutakuwa nayo miwili."

Walibishana hivyo miaka, jikoni, garini, hata makaburini siku ya kumzika shangazi. Ilikuwa mizaha, mpaka masika haya. Wiki ya kutia ndama chapa katika zizi la jirani yetu Ansel Urriza ilipokaribia, Orrin, ambaye ndiye msimamizi wa ng'ombe wetu, aliweka kikombe cha kahawa mezani akasema bila kumtazama dadake, "Mwaka huu huingii na kamba. Utashika sindano za chanjo."

"Nani kasema?"

"Mimi. Watu wanasema."

"Watu gani? Nitajie mmoja nikamsalimie."

"Verla, kamba ikikukamata tena utafanyaje?"

"Nitaikata."

"Na hicho kidude chako cha kuruka? Kitakuchana paja kwanza." Akacheka, akaona hakuna anayecheka naye, akaacha. "Nimeshamwambia Ansel. Basi."

Lazima uelewe, kwetu kuingia zizini na kamba ndiyo heshima yenyewe. Vijana hukimbia chini na chuma cha moto, wenye majina hukaa juu ya farasi. Anayeteremshwa mara moja hapandishwi tena. Msimu ujao atakaa na sindano, unaofuata atapika maharage, na baada ya hapo ataulizwa kama anasikia baridi. Verla alilijua hilo. Usiku huo hakula.

Asubuhi ya kazi alifika zizini kwa Ansel na farasi wake, tandiko limekazwa, kamba imening'inia. Akamfunga uzioni, mahali ambapo Orrin hangeweza kugeuka asimwone. Kisha akachukua sindano, akaanza kuchanja, amenuna.

"Huyo farasi wa nini?" Orrin akauliza.

"Anatazama. Yeye pia ana macho."

Kazi ikaenda. Vumbi, moshi wa nywele zilizoungua, ng'ombe mama wakipiga kelele nje. Orrin alikuwa akitumia ile kamba ya mzee, na lazima niseme kweli, siku hizi anarusha vizuri. Katikati ya ndama akaonekana dume mmoja mkubwa, aliyekwepa chapa mwaka jana akakulia milimani. Mtu mwenye akili angemwacha wa mwisho, watu wawili wamshike. Orrin akaona dadake anamtazama, akamrushia peke yake.

Akamnasa shingoni, akazungusha kamba kwenye pembe. Dume likaruka. Na Orrin Hadlock, aliyewapigia watoto wa bonde zima kelele za gumba juu, alikuwa ameliacha gumba lake chini.

Tulisikia ukelele, tukamwona amejikunja juu ya tandiko. Gumba limebanwa baina ya kamba na pembe, dume linavuta huku, na farasi wake, aliyefundishwa kutolegeza kamba hata mbingu zianguke, anarudi nyuma upande wa pili. Mkono wake mwingine ulikuwa na hatamu. Kisu cha baba kilikuwa mfukoni, kimelala na nafasi yake ya kufikiri.

"Ikate!" mtu akapiga kelele. Hakuna aliyekata. Ansel alisimama anavua glovu ili apate ukucha wa kufungulia chake. Wengine, nasema nilichokiona, waliitazama ile kamba wakamkumbuka marehemu.

Verla alitupa sindano akakimbia. Kwa mkono wa kushoto akadaka lijamu ya farasi, maana alikuwa akizunguka kama pia. Kwa wa kulia akachomoa kisu, akavuta pezi. Kimya. Akavuta tena. Vumbi la asubuhi nzima lilikuwa limejaa kwenye springi, na kile kisu cha haraka kikawa kizito kuliko cha babu yako.

"Kimekwama!" Orrin akalia. "Nilikwambia! Mama yangu, kidole changu!"

"Nyamaza!"

Akakipeleka mdomoni, akauma mgongo wa ubapa kwa meno, akauvuta mpini. Ubapa ukaanza kutoka, na springi, ikikumbuka kazi yake wakati mbaya kabisa, ikaumalizia. Cha! Ncha ikampasua mdomo wa chini. Hakusita hata kidogo. Akaiwekea makali kamba ya mzee Hadlock, mbele tu ya pembe, akakata. Ngozi iliyosukwa jioni za baridi ikaachia kwa mlio kama wa bunduki, dume likaenda kujibwaga uzioni, na Orrin akauvuta mkono wake kifuani.

Gumba lilikuwa jeusi, limevimba, limechubuka, lakini lilikuwepo. Orrin alilikunja, akalikunjua. Kisha akakitazama kipande kifupi cha kamba kilichobaki kwenye pembe, na badala ya kushukuru, unajua alisema nini?

"Umeikata kamba ya baba."

"Nimeikata."

"Ulikuwa unaitamani tangu zamani. Umeona bora tukose wote."

Damu ilikuwa ikimtiririka Verla kidevuni mpaka kwenye shati, na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, ya hasira na ya kitu kingine.

"Niliitamani, ndiyo," akasema. "Niliitamani mpaka nikaugua. Ilikuwa yangu, Orrin, nawe ulijua ni yangu, ukaipokea umetazama chini. Na ningeikata tena sasa hivi. Ningeikata vipande vipande vya kufungia viatu."

Orrin akaelekeza kidevu kwenye kisu. "Hicho kidude kimekupasua mdomo."

"Mdomo nimebaki nao, wa juu na wa chini. Haya, wewe nionyeshe magumba yako tuyahesabu."

Ansel Urriza ndiye aliyeanza kucheka, kisha akajifanya anakohoa. Orrin hakucheka. Alishuka kwenye farasi pole pole, akakaa chini kwenye vumbi, mkono kifuani.

Verla hakumngoja ajibu. Alifuta kisu kwenye jinzi, akakikunja kwa kukibana pajani, akajifunga mdomo kwa skafu. Akaenda uzioni walikokuwa wamelibana lile dume, akalivua kamba ya mzee shingoni. Sehemu ndefu ilikuwa nzima, na kitanzi chake kilikuwa kizima. Akaikunja duara duara, akaivua kamba ya dukani kwenye tandiko lake akaitundika uzioni, akapanda.

"Unakwenda wapi na hiyo?" Orrin akauliza kutoka chini.

"Kazini. Sindano ziko pale, zishike kwa mkono mzima."

Akaingia katikati ya ndama taratibu, kitanzi kinazunguka juu ya kichwa chake, kamba fupi kidogo kuliko ilivyokuwa enzi za mzee lakini ile ile. Akarusha. Miguu miwili ya nyuma ikaingia kitanzini, safi. Na mkono wake ulipokuwa unashuka kuelekea pembe, Orrin akaruka akasimama pale vumbini, amesahau ugomvi, amesahau kila kitu, akapiga ukelele kwa sauti ya baba yao kabisa:

"Gumba juu, Verla! Gumba juu!"

Verla akazungusha kamba kwa vidole vyake vinne, akageuza kichwa, skafu imelowa damu.

"Langu lilishatangulia mbinguni!" akamjibu. "Linda lako!"

Akamvuta ndama hadi motoni, akarudi kuchukua mwingine.