Gitaa la Nyuzi Tano

Kwa miaka ishirini na saba Jovitus alipiga besi katika kwaya ya Kilutheri huko Nyakasimbi, na miaka yote hiyo alipiga gitaa ambalo ungeliona ungedhani limeokotwa. Lilikuwa na nyuzi nne. Ule mnene ulikatika zamani, akaweka waya wa klachi ya pikipiki, ukakaa hapo mpaka watu wakasahau. Mbao ilipasuka, akaibana kwa kipande cha bati. Lakini alipoligusa, wazee waliokuwa wanasinzia waliinua vichwa, na akina mama wa sauti ya pili walijua mguu upi utangulie. Hilo hakuna aliyelibishia.

Aliyemfundisha ni Mwalimu Rwegoshora, mwalimu wa kwaya. Baba yake Jovitus alifariki mapema, akamwachia kibanja cha migomba na kahawa, pamoja na wadogo watano wa kulisha. Mwalimu ndiye aliyemwita kanisani, akampa gitaa, akamwelekeza kidole kimoja kimoja. Ndiye aliyekwenda Kituntu kumposea Avelina. Kwa hiyo Jovitus alipomwita baba hakuwa anatania, na Mwalimu alipomwita mwanangu hakuwa anambembeleza.

Sasa, mwenyekiti wa kwaya, bwana Nestory, ana ugonjwa wa kutazama video za kwaya za wenzake. Akaona kwaya moja ya Kyerwa ina gitaa linalong'aa kama sufuria mpya, roho ikamuuma, akaitisha kikao.

"Tunaaibika," alisema. "Gitaa la maana ni nusu ya wimbo."

"Mwenyekiti," Jovitus akamjibu, "mimi sijaona gitaa likiimba lenyewe. Kinachopiga ni vidole."

Watu wakacheka, wengine wakampigia makofi. Mwalimu Rwegoshora alikuwa ameanza kuumwa figo siku zile, amevaa sweta mchana wa jua, akasema kwa upole, "Linunueni tu. Jovitus amelivumilia hilo bati vya kutosha." Maneno hayo yakamaliza ubishi. Kila mwanakwaya alileta kahawa yake kavu, ikauzwa, gitaa likaagizwa.

Lilipofika Omurushaka, Nestory na Jovitus walikwenda pamoja kulichukua kwa fundi wa vyombo aliyelipokea. Lilikuwa jekundu, lina nyuzi tano. Nestory alikuwa nje anapiga simu kumtangazia kila mtu, kwa hiyo fundi alimweleza Jovitus peke yake. Alifungua kifuniko kidogo mgongoni mwa gitaa, akamwonyesha betri.

"Ukimaliza kupiga, chomoa waya," alisema. "Ukiuacha umechomekwa, betri inaliwa usiku na mchana hata kama hakuna anayeligusa. Ikiisha, hili linakuwa bubu."

Jovitus aliitikia kwa kichwa. Somo lilikuwa jepesi, na alilishika.

Kosa la kwanza lilikuwa la Nestory, tumpe lake. Gitaa lilipofika kanisani alilifungia kabatini, eti lisiguswe kabla mchungaji hajaliweka wakfu. Jovitus akalishika kwa mara ya kwanza siku hiyohiyo ya ibada, kanisa limejaa hadi milangoni. Vidole vyake vilizoea kukandamiza waya wa pikipiki, na kidole gumba chake kilizoea kuukuta uzi mnene palepale. Kwenye gitaa la nyuzi tano, palepale pana uzi mwingine. Alianza wimbo kwa noti ya ajabu, kwaya ikayumba, akajirekebisha, akakosea tena. Mtoto mmoja alicheka. Alipomaliza, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Wiki iliyofuata gitaa akapewa Joanitha, mwalimu wa shule ya msingi, binti aliyejifunza muziki chuoni. Jovitus akafanywa mtunza vyombo, akakabidhiwa ufunguo wa kabati. Nestory aliliita hilo cheo. Tusidanganyane, hicho si cheo, na Jovitus alijua. Alirudi nyumbani akamwambia Avelina kwamba amepumzishwa, kisha akaenda kupogolea migomba mpaka giza likaingia, na hakutaka kula.

Joanitha hakuwa na neno baya. Kila Jumapili alimwamkia, "Shikamoo, mzee Jovitus," akamuuliza kama kuna jambo la kumrekebisha. Alijibiwa marahaba, basi. Mwalimu Rwegoshora naye, Jovitus alipokwenda kumjulia hali, alimwambia, "Mwanangu, mfundishe yule binti namna unavyouanza ule wimbo wangu." Ni wimbo wa maziko alioutunga mwenyewe, unaanza kwa besi peke yake, sauti zinaingia baadaye. Jovitus alisema atamfundisha. Hakumfundisha, na Joanitha akalazimika kuuokota kwenye rekodi ya simu.

Halafu msimu wa kahawa ukapamba moto, kwaya ikapumzika. Jumapili ya mwisho kabla ya mapumziko, Joanitha alilirudisha gitaa kabatini na waya wake ukiwa umechomekwa. Alikojifunza, magitaa hayakuwa na betri, na hakuna aliyemwambia. Jovitus aliuona ule waya alipokuwa anafunga. Akasimama na ufunguo mkononi. Akafunga.

Jumapili ya pili alifungua kabati kutoa vipaza sauti vya vijana. Waya ulikuwa palepale. Jumapili ya tatu vilevile. Alijiambia kwamba si yeye aliyeuchomeka. Alijiambia pia kwamba gitaa likizimika siku moja kwenye ibada ya kawaida, watu watakumbuka alichosema kikaoni, na hakuna atakayeumia. Ndivyo alivyojipangia, na kwa kweli moyo wake ulikuwa unaifurahia ile siku.

Siku hiyo haikungoja ibada ya kawaida. Alhamisi asubuhi Mwalimu Rwegoshora alifariki.

Jovitus alilia kama mtoto, hilo aliliona kila mtu. Ijumaa akatumwa Omurushaka kununua petroli ya jenereta ya maziko. Alipita mbele ya duka linalouza betri, zimepangwa kwenye kioo, ile ya mstatili aliyoonyeshwa na fundi ikiwemo. Alisimama pale na galoni lake. Kuingia kulikuwa hatua tatu. Lakini akaona waziwazi jinsi itakavyokuwa: Joanitha ataupiga wimbo wa Mwalimu, utatoka vizuri, na hapo ndipo yeye atakuwa amekwisha kabisa. Na wimbo ule, kila mtu anajua, ni wake yeye Jovitus. Mwalimu aliutunga akivisikiliza vidole vyake. Akapanda bodaboda akarudi.

Jumamosi kaburi lilikuwa wazi kibanjani kwa marehemu, kati ya migomba na mibuni. Jenereta ilinguruma kwa mbali. Mchungaji alimaliza neno, Nestory akatoa ishara, Joanitha akapiga uzi wa kwanza.

Kimya.

Akazungusha kitufe cha sauti, akapiga tena. Akageukia spika, akaichomeka upya, akapiga mara ya tatu. Wanakwaya walikuwa wamekwisha kufungua midomo, wakaifunga. Mke wa marehemu, mama Kantengwa, aliyekuwa ameketi mkekani na akina mama, aliinua uso kutazama kilichotokea.

"Jovitus," Nestory akanong'ona, "lile lako liko wapi?"

Jovitus akaenda nyuma ya mgomba, hatua kumi hivi, akarudi nalo, limefungwa kwenye kitenge. Avelina alikuwa amesimama njiani. Alikitazama kitenge chake, akamtazama mumewe.

"Baba Aristides, nani alikwambia uje nalo?"

Jovitus akampita. Alichomeka waya, akaanza. Na tuseme ukweli, alipiga. Sijui kama amewahi kupiga vile. Besi ile ya bati na waya ilishuka ardhini ikapanda kwenye nyayo za watu, sauti zikaingia mahali pake, wanaume wazima wakajifuta macho kwa mikono ya makoti. Alipiga akiwa amefumba macho, beti zote nne, huku jeneza likishushwa. Alipoyafumbua, vijana walikuwa wamekwisha kushika makoleo.

Watu walimshika mkono. Nestory alisema mbele ya mchungaji, "Leo nimekubali, ni vidole," na kwamba Jumapili arudi nafasi yake. Alichokuwa anakitamani kwa miezi yote ile akawa amekipata, palepale kaburini.

Kisha akaja Joanitha, kope zimevimba.

"Asante, mzee. Umeniokoa. Nimeharibu gitaa la watu, sijui hata nimelifanya nini. Nitawaambia najitoa kwenye kwaya."

Jovitus angeweza kumwambia pole na kuachia hapo. Alifungua mdomo aseme hivyo, ikashindikana.

"Hujaliharibu. Ni betri. Ukiacha waya umechomekwa inaisha. Mimi nilijua."

"Ulijua lini?"

"Tangu siku ulipoliweka. Na jana nilikuwa Omurushaka."

Joanitha hakupandisha sauti. "Mimi sina la kukwambia, mzee. Kamwambie mama."

Jovitus akaenda. Alipiga magoti pembeni ya mkeka, akamweleza mama Kantengwa yote, la kabati na la duka, bila kujitetea. Kantengwa alisikiliza mpaka mwisho, akiikunja na kuikunjua ncha ya khanga yake.

"Mwalimu wako alinipa maagizo mawili," alisema. "Alisema, wimbo wangu aupige Joanitha. Nikamwuliza, kwa nini binti wa watu na Jovitus yupo? Akasema, Jovitus ndiye mwanangu mkubwa, atakuwa na kazi. Ataishika kamba ya jeneza upande wa kichwani, anishushe yeye."

Jovitus hakuinua uso.

"Nilisema nitakuita ukifika wakati wa kamba," Kantengwa akaendelea. "Nikakutafuta. Nikakuona umeshika gitaa, umefumba macho, nikaona si vizuri kukukatiza. Kamba akaishika jirani."

Nyuma yao makoleo yalikuwa yamenyamaza, na vijana walikuwa wanausawazisha udongo kwa mikono.